Gibson Mghendi, Mchunga Mbuzi Wasioonekana

Marehemu Gibson Mghendi alizaliwa Sagalla tarehe 4 Machi 1943. Akili aliitoa upande wa mama. Asiyeamini amtazame mjomba wake anayesoma haya.

Alisoma hukohuko Sagalla hadi darasa la nane, 1959. Mjomba aliishia la nne, walimu walipoishiwa na maarifa.

Gibson aliajiriwa shamba la mkonge Voi, na mwaka 1968 akamwoa Tryphena Wakio wa Rukanga. Kifungua mimba wao, Donald, alikorogewa maziwa ya unga kwa maji ya kisima. Midomo ikageuka samawati, akafariki hata kutambaa bado. Daktari alisema kisima kilikuwa kimenyonya choo, maji yakajaa sumu iitwayo nitreti.

Gibson akaacha mkonge, akaomba kazi kwenye mabwawa ya maji taka ya mji. Mjomba alimcheka hadharani: "Mpwa, ulisomea kuchunga mavi?"

"Nachunga mbuzi, mjomba."

Mbuzi wenyewe ni viini visivyoonekana kwa macho. Kundi la kwanza lapenda hewa: linakula sumu ya mkojo na kuigeuza nitreti, ileile iliyomuua Donald. Kundi la pili lachukia hewa: lakaa bwawa lililotulia, linakula hiyo nitreti na kuitoa kama upepo, ikaenda zake angani. Kundi la kwanza likifa, la pili halina cha kula, na sumu yote yashuka mtoni.

Mwaka huu wa 1984 mvua ilikataa. Mto ukakauka, watu wa bondeni wakachimba maji mchangani, pale pale mabwawa yanapomwagia. Mwezi wa Agosti mashine ya kupuliza hewa ikafa. Gibson akachukua ubao, akawa anayapiga maji kutwa nzima.

"Baba Elsie, hayo maji yamekukosea nini?" mkewe akamuuliza.

"Shika ubao upande ule, mama. Mbuzi wanakosa pumzi."

Tryphena akashika.

Oktoba kifua kikambana. Tarehe 19 Novemba, hospitalini Voi, aliuliza, "Mbuzi wanapumua?" Tryphena akamjibu wanapumua. Haikuwa kweli. Gibson akafumba macho.

Ameacha mjane Tryphena, watoto Elsie na Zephaniah, mjomba mmoja bingwa wa maneno, na watoto wachanga wa bondeni wasiomjua. Mashine bado imekufa. Ubao wake huu hapa, umeegemea jeneza. Tukishamfukia, Tryphena anarudi nao bwawani. Mjomba atashika upande ule mwingine, lakini bwawa ni pana, na kwa mara ya kwanza anakiri kwamba mikono yake ni ya mzee.

Mpwa, lala kwa amani. Usiwaulizie mbuzi.