Xavery na Njia ya Kwenda Isumbilo

Tarehe 30 Juni 2025 kaka yetu Xavery anastaafu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kurekodi na kutunza ngoma za asili katika kituo chetu cha utamaduni hapa Tabora. Alianza akiwa kijana mwembamba mwenye rekoda nzito. Leo rekoda ni nyepesi, uzito umehamia kwake.

Kanda zake zimejaza makabati manne, na mchwa hawajaonja hata moja. Lakini wimbo mmoja ulimnyima raha, wimbo wa wapagazi uitwao "Twende Isumbilo". Mama yake, Bi Levina, aliurithi kwa babu yake aliyebeba mizigo ya misafara, na alimwomba mwanawe jambo moja tu, ampeleke akapaone Isumbilo kabla hajafumba macho. Ramani zote zilikuwa kimya. Bi Levina ana miaka themanini na minne, na Xavery roho ilikuwa juu.

Kosa lake ni kumwuliza dereva wetu Tobias, ambaye ni Msukuma. Tobias aliapa kwamba Isumbilo iko Lusu. Mnyamwezi mzima, mvi kichwani, akamwamini mtani! Alipanda basi hadi Nzega, akachukua bodaboda hadi Lusu, watu wakacheka, wakamlisha wali, wakamrudisha. Kwa haki ya utani alibeba jogoo wa Tobias.

Mwezi Mei tulikwenda Kwihara kumrekodi mpiga ngoma, Mzee Sabiri. Hatukumkuta. Mkewe, Bi Batuli, alitujibu huku akipepeta mchele: "Yuko Isumbilo, anang'oa karanga."

Xavery alikimbia. Nimefanya naye kazi miaka kumi na mmoja na sijawahi kumwona hata akiharakisha. Kumbe Isumbilo ni kipande cha shamba nyuma ya mawe, ambapo wapagazi waliorudi makwao walitua mzigo wa mwisho. Kwa gari ni dakika ishirini kutoka ofisini.

Jumapili iliyofuata tulimpeleka Bi Levina. Alivua kandambili, akasimama peku kwenye udongo, akauimba wimbo wote. Mzee Sabiri akampokea kwa ubeti wa waliofika na kutua mzigo, ambao mama hakuwahi kuusikia, naye akamshika mwanawe mkono, akasema, "Babu alifika." Tulilia na kucheka kwa pamoja. Tobias anadai lilikuwa vumbi.

Asante, Kaka Xavery. Tunakuombea afya njema, usingizi mtamu, na miaka mingi ya kuimba na mama.

Najiat, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako