Kiti cha Baba Watoto

Muuguzi aliyetoka zamu alitaka kusinzia tu basini, lakini wanawake wawili wa kiti cha mbele walimnyima usingizi. Mmoja, fundi cherehani, alikuwa amepakata mfuko wa vipande vya vitambaa vilivyobaki kazini. Angeviunga viwe kitambaa cha meza ya sikukuu, na maua angechuma uani.

"Mwanangu, watu wanakuja kula, si kutazama meza," alisema aliyeketi naye, mama mtu mzima.

"Najua, mama. Ila hii ni sikukuu ya kwanza tangu tumzike baba yao. Nataka macho ya watoto yapate pa kutua, yasibaki kwenye kiti chake."

"Basi kiondoe."

"Nikikiondoa, mdogo atauliza."

"Mkalishe yeye hapo."

"Mkubwa atanuna, ainuke mezani."

"Njaa itamrudisha."

Muuguzi, usingizi ukiwa umeshamruka, aliona huyu mama hana huruma hata chembe.

"Mimi kiti cha marehemu mume wangu nilimpa jirani," mama akaongeza taratibu, "siku ya sikukuu yenyewe, asubuhi."

"Na ikasaidia?"

Basi likasimama. Mama akajikokota kushuka.