Mzigo wa Bi Orsak

Mzee Emil: Haloo? Nani mwenzangu? Paza sauti, nipo malishoni na upepo ni mkali.

Karlene: Shikamoo, babu. Ni mimi, Karlene. Nipo ofisini.

Mzee Emil: Marahaba, mjukuu wangu. Umekula?

Karlene: Mikate miwili ya kolachi, ya jibini. Babu, zabuni ya kubeba kokoto inafunguliwa saa nane kule kaunti, na lile tamko la silaha bado halina sahihi yako.

Mzee Emil: Wala halitakuwa nayo.

Karlene: Babu—

Mzee Emil: Nimelisoma kwa miwani. Linasema kampuni yetu ya Kubena haina desturi ya kumnyima mtu huduma kwa kuwa anatengeneza au anauza silaha. Desturi hiyo tunayo. Mimi ndiye niliyeiweka.

Karlene: Hapa Texas kampuni yoyote yenye wafanyakazi wengi kama yetu, ikitaka kazi kubwa ya serikali, inasaini. Hata wapaka rangi wanasaini!

Mzee Emil: Wapaka rangi hawajamfukuza mwuza bunduki uani kwao. Mimi nimemfukuza Sirmon mbele ya madereva wote.

Karlene: Ndiyo maana watu wanasema unachukia bunduki.

Mzee Emil: Mimi? Nani alikufundisha kulenga? Na soseji ya kulungu uliyobeba Krismasi, kulungu huyo alikufa kwa mafua?

Karlene: [anacheka kidogo] Haya. Lakini tukikosa kokoto hizi, nusu ya madereva wanakwenda nyumbani. Fabian mkewe ni mjamzito, babu.

Mzee Emil: Usinipige kwa jina la Fabian. Najua.

[Mkwaruzo kwenye simu.]

Karlene: —unanisikia? Nimezungumza na wakili. Anasema ukimkataa mteja kwa sababu inayomhusu yeye mwenyewe, si kwa kuwa ni mwuza silaha tu, sheria haiiti huo ubaguzi. Kwa hiyo nieleze. Sirmon alikukosea nini?

Mzee Emil: Ng'ombe wameingia upande wa mto. Ngoja—

Karlene: Babu, ng'ombe hawana zabuni! Alikukosea nini?

Mzee Emil: Alimwuzia baba yako.

Karlene: Baba alinunua bunduki kwa watu wengi.

Mzee Emil: Ile ya mwisho. Baba yako Raymond alisimama pale kaunta akalia, Karlene. Mtu mzima, analia, hata jina lake anashindwa kuliandika sawasawa. Sirmon akamngoja amalize, akamfungia risasi kwenye mfuko. Alinisimulia mwenyewe, kwenye karamu ya nyama choma ya kikosi cha zimamoto, huku akitafuna.

Karlene: Mlisema alikuwa akiisafisha, ikafyatuka.

Mzee Emil: Tulisema hivyo.

[Mkwaruzo mrefu.]

Karlene: Nilikuwa na miaka tisa.

Mzee Emil: Ndiyo, mama.

Karlene: Basi... basi sababu unayo. Ni ya mtu mmoja. Saini.

Mzee Emil: Na Bi Orsak?

Karlene: Orsak gani tena?

Mzee Emil: Verlene, yule fundi bunduki. Alikuja majira ya kuchipua, anataka tumpelekee mzigo wake kwa wawindaji wa San Antonio. Nilimwambia lango ni lile pale. Sikumwuliza hata jina la babaye. Yeye alimwuzia nani? Alinikosea nini?

Karlene: Hakuna anayejua hilo, babu. Saa nane hiyoo—

Mzee Emil: Mimi najua. Unataka niandike uongo juu ya karatasi ya serikali, halafu Jumapili nikae kiti cha mbele kanisani?

Karlene: Sasa nifanye nini? Niambie tu! Niwapigie madereva?

Mzee Emil: Nipe namba yake.

Karlene: Ya wakili?

Mzee Emil: Ya Bi Orsak. Nimwambie mzigo wake tutaubeba, kwa bei ya wote. Akitaka kunitukana, nitavua kofia nisikilize. Nikishafungua lango, ndipo nitasaini kwamba halijafungwa.

Karlene: Na Sirmon?

Mzee Emil: Sirmon, hapana. Hata gavana aje amepanda farasi.

Karlene: [anavuta pumzi] Babu. Pale kaunta, baba alisema neno? Alinitaja?

Mzee Emil: Simu inalia, chaji inakwisha. Namba, haraka!

Karlene: Alinitaja?

Mzee Emil: Hilo si la simu, mwanangu. Nitakuambia macho kwa macho, lote, sitapunguza. Taja namba, naandika kwa kidole kwenye vumbi la gari.

Karlene: Tatu, sita, moja... tano, tano—

Mzee Emil: Tano ziko mbili. Endelea.

Karlene: Tano, halafu nane... Babu? Haloo? ... Babu?

[Simu imekatika.]

Karlene: Nakuja. Nakuja na namba, na kalamu.