Vidole vya Mananasi

Tuktuk ilipotoka Kiganjo, Maxine alitega sikio. Mama aliyeketi kando yake, Katunge, alikuwa akimweleza abiria wa tatu kwamba kiwanda cha mananasi kilimpunguza kazini, na sasa mashine ya ofisi ya akiba ya wafanyakazi inakataa alama za vidole vyake anapofuata pesa zake. "Maji ya mananasi yamezila zote. Kila nikienda naambiwa, mama, rudi wiki ijayo."

"Pole, mama. Mimi saruji ilinifanyia hivyo hivyo," alisema yule abiria, fundi aitwaye Wamalwa. "Pumzisha mikono. Usifue, usioshe vyombo, paka mafuta ya kukamulia ng'ombe. Zitarudi."

"Na nani atafua?"

"Si mzee yuko?"

"Huyo! Hata chai inamshinda. Mimi naomba tu. Mungu ananijua bila mashine."

"Anakujua, lakini si yeye anayelipa."

Maxine, mtu wa maombi, alisema amina kimoyomoyo, ila hakujua amemwitikia nani.

Tuktuk ikasimama, Katunge akashuka. Dereva akamnyooshea mfuko wake wa sukuma wiki. Katunge alificha mikono kwapani, midomo ikisali. "Nitundikie begani, kijana. Hivi vidole bado naviotesha."