Mistari Elfu Moja Kamili: Tunamuaga Mzee Una-Hakika

Tarehe thelathini Juni, mkuu wa kitengo cha takwimu katika tovuti yetu ya afya ya familia anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini kamili. Hivyo ndivyo ilivyosema barua ya ofisi ya utumishi, na ndivyo nilivyokusudia kuanza. Lakini mwenyewe alipoliona hilo neno "kamili" alikunja uso, akashuka ghorofa ya chini kwenda kuuliza. Ikabainika kwamba walihesabu tangu aliposaini mkataba, wakauacha mwaka mzima aliofanya kibarua stoo. Kwa hiyo ni thelathini na moja. Mpaka jarida hili la ofisi linakwenda mtamboni, alikuwa bado anaichunguza hiyo thelathini na moja.

Humu ofisini hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Mzee Una-Hakika, kwa sababu ya swali analomuuliza kila mtu juu ya kila jambo. Ukimwambia mvua inanyesha, atakuuliza kama una hakika, kisha ataenda dirishani. Mkewe anasema nyumbani ni yuleyule: watoto walipofeli mtihani aliyakubali matokeo, walipofaulu akapiga simu shuleni.

Alianzia stoo enzi za vijarida vya karatasi, akihesabu nakala zilizorudishwa na wauzaji. Alikuwa akizikagua kingo moja moja, maana alishuku wapo waliosoma kwanza ndipo wakarudisha. Tovuti ilipoanzishwa, akahamia huko na shaka zake zote. Huduma inayorekodi wasomaji wetu ilikuja na dashibodi, yaani ubao wa takwimu kwenye skrini, yenye rangi za kupendeza, na sisi wengine tukaipenda. Yeye hakuiamini, hasa kwa sababu ya hizo rangi. Akajifunza kuandika programu, akawa anaiuliza huduma ile ana kwa ana kupitia maktaba, yaani msimbo uliokwisha kuandaliwa na wengine ambao mwandishi wa programu huutumia ili asianze upya kila mara. Yeye huandika swali: kurasa zipi, mwezi gani, wasomaji wangapi. Maktaba hulipeleka, kisha hurudi na mistari ya majibu, ukurasa mmoja mstari mmoja.

Kuna mwezi wasomaji waliongezeka ghafla, na Mama Mkurugenzi akanunua keki. Mzee alikula kipande chake taratibu, akafuta midomo, ndipo akatuarifu kwamba karibu nusu ya wasomaji hao wapya ni sisi wenyewe. Kompyuta mpya za ofisi zilikuwa zimetegwa kufungua tovuti yetu kila zinapowashwa. Tulipomuuliza kwa nini hakusema mapema, alijibu kwamba alitaka kwanza kuhakikisha keki ni ya kweli.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niombe mwenyewe kuandika wasifu huu. Mimi ni wa dawati la maswali. Tuko wawili, mimi na mkunga wetu. Wasomaji wanatuandikia, mkunga anajibu, mimi nanyoosha lugha, na kila jibu linapata ukurasa wake. Miaka michache iliyopita taarifa za kitengo cha takwimu zilianza kuonyesha kwamba hatusomwi. Mama Mkurugenzi aliposhika taarifa ya tatu yenye habari ileile, alitangaza kwamba dawati litafungwa mwisho wa mwezi. Mkunga na mimi tungefungasha virago.

Nilimshuku Mzee, na sikuona haya kumshuku. Tulikuwa tumegombania feni wiki chache kabla, nikaamini ananilipizia kwa takwimu. Mkunga, aliyekuwa akimletea dawa ya kikohozi, akawa anamwitikia salamu kwa kutikisa kichwa tu. Mzee naye alitushuku sisi kwamba tunajiandikia maswali wenyewe. Chumba kizima kilikuwa kinaviziana.

Mkunga ndiye aliyepasua jipu. Alimzuia Mzee mlangoni, akamwambia kuna mama amemsimamisha dukani kumshukuru kwa jibu kuhusu mtoto anayekataa ziwa. Huyo mama kalisoma wapi, kama hatusomwi? Mzee akamuuliza kama ana hakika. Mkunga akamjibu kwamba mtoto mwenyewe alikuwa mgongoni, ananyonya kidole.

Mtu mwingine angeishia hapo. Mzee alirudi mezani kuutafuta ukurasa ule katika taarifa yake. Haukuwa na sifuri. Haukuwemo kabisa. Akahesabu mistari ya taarifa, akakuta elfu moja kamili. Akafungua ya mwezi uliotangulia, elfu moja. Ya kabla yake, elfu moja. Nilikuwa meza ya pili na nilimwona akivua miwani. Alisema polepole, kama anayejisemea, kwamba watu hawasomi kwa hesabu kamili namna hiyo.

Kumbe maktaba ile, ukiiuliza, inakuletea mistari elfu moja ya kwanza, kuanzia kurasa zinazosomwa sana, halafu inanyamaza. Haikuambii imemaliza, wala kwamba imebakisha. Ukitaka inayofuata, uombe tena kuanzia ilipokomea. Programu ya Mzee iliomba mara moja tu. Tovuti ilipokuwa changa haikudhuru kitu, lakini kurasa zilipozidi elfu, za mkiani zikawa zinaachwa. Na mkiani ndiko tulikokuwa sisi: majibu mengi mno, kila moja likisomwa na wachache.

Kwa hiyo mtu aliyemshuku kila kiumbe humu ndani alimfuata mkosaji hatua kwa hatua mpaka kwenye msimbo alioandika kwa mkono wake. Angeweza kuurekebisha kimyakimya, akatoa taarifa mpya, na hakuna ambaye angejua. Badala yake aliingia kwenye kikao, akabaki amesimama, akasema kosa ni lake na dawati lisifungwe. Alipojumlisha kurasa zote, dawati la maswali ndilo lililokuwa na wasomaji wengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya tovuti. Mkunga alilia bila kujificha. Mimi nilimpelekea feni, naye akaikagua waya kabla ya kuiwasha.

Tangu siku hiyo programu zake zote huuliza mpaka jibu lirudi tupu, na ndipo huamini. Kiti chake anamwachia dada ambaye Mzee mwenyewe alimfundisha kazi, na wosia wake kwa dada huyo ni kwamba asimwamini hata yeye Mzee. Tunashuku ataendelea kutuchungulia kutoka nyumbani, na tunaomba iwe hivyo.

Mzee, dawati la maswali bado lipo, na watu wawili bado wana kazi, kwa sababu ulijishuku mwenyewe. Tunakuombea afya, usingizi mnono na wajukuu wenye majibu yasiyojitosheleza. Asante. Ukiziona shukrani hizi zinakoma hapa, usiziamini. Huu ni mstari wa elfu moja tu. Uliza tena, zipo nyingine.