Kilio Kilichokatwa

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya kibanda cha Fundi Viatu, na leo kimechafuka. Mwenye ukumbi wa sinema kapita, katumwagia habari, kaenda zake. Ile filamu aliyoigiza binti wa Fundi imerudi kutoka kwa wakaguzi. Itaonyeshwa Jumamosi, ila kipande cha mama anayelia makaburini kimekatwa, ati kinaamsha hisia za watazamaji kupita kiasi. Binti alikuwa na kipande hicho tu, na Fundi alishaalika ukoo mzima, hadi wakwe. Kakaa na soli mkononi kama kaokota mtoto wa watu.

Yule tunayemwita Wakili anauza mikanda ya suruali nje ya mahakama, kwa hiyo sheria zote anazo yeye.

— Uhuru wa kusema upo, umeandikwa. Ila kulia si kusema. Hapo ndipo walipomnasa.

— Kwa hiyo angelia huku anaongea? akauliza Spana, fundi wa magari.

— Wangepata kazi ya kutenganisha.

— Mimi naona wanaogopa hasira. Mtu akishalia vizuri anajifuta, anaanza kutafuta nani kasababisha.

— Kasababisha nini, na ni sinema?

— Ndiyo hapo sasa! Hana wa kumlaumu, anawageukia wakubwa.

— Basi walie kwa kiasi, Wakili akaamua. Askari apite na tochi akikagua mashavu. Likilowa moja, onyo. Yote mawili, nje.

— Na mwenye mafua?

— Aje na cheti cha daktari.

— Wanaocheka je?

— Hao ndio hatari zaidi! Utajuaje wanamcheka nani?

Mimi nilishapotea zamani, nikajimiminia kahawa.

— Nyie chekeni, Fundi akasema. Mwanangu nitamwambia nini? Amefanya mazoezi ya kulia chumbani mpaka majirani wakaja kunipa pole.

Roho iliniuma. Mara binti mwenyewe akatokea mbio kutoka saluni, kitana bado kimechomekwa kichwani.

— Shikamooni.

— Marahaba, tukaitikia, macho chini.

— Baba, nimesikia. Kweli wamesema kinaliza watu mno?

— Ndivyo walivyosema, mama. Pole.

Hakuonekana mtu wa kupewa pole. Uso ulikuwa unamng'aa.

— Kwani huyo aliyekikata, yeye alilia?

Tukamgeukia Wakili. Wakili akamgeukia Spana. Spana akainama kukagua viatu vyake.

— Hata kidogo tu? binti akauliza.