Mwalimu Kadii na Kenge Aliyesubiri Kuvuka Sabaki

Wasifu wa marehemu Kadii Menza Randu, 1968–2025
Umeandikwa na kusomwa na mdogo wake, Kaingu Menza

Wazee wetu, walimu, majirani na wote mliofika kutuzikia: Kadii Menza alizaliwa Vitengeni siku ya Jumanne, tarehe 12 Machi 1968, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa marehemu Mzee Menza na marehemu Mama Kahaso. Tarehe hiyo ni ya hakika. Baba yake aliiandika kwa makaa nyuma ya mlango, na mlango ule haukupakwa rangi mpaka Kadii alipochukua kitambulisho. Mdogo wake aliyeandika wasifu huu alifanya kazi katika ofisi ya ardhi kwa miaka thelathini na hapendi tarehe za kukisia. Hapendi pia marehemu kusifiwa kwa mambo ambayo hakuyafanya. Huyu alifanya ya kutosha.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1975 katika shule ya msingi ya hapo hapo Vitengeni, akamaliza kidato cha nne mwaka 1985. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Alichojulikana nacho ni kusimulia. Akitumwa kuchunga mbuzi, jioni alirudi na habari zao zote: nani kamnunia nani, nani hataki tena kutembea na nani. Siku moja alirudi na habari kamili na mbuzi mmoja pungufu, akachapwa. Kesho yake mbuzi alipatikana kwenye shamba la jirani, mahali pale pale alipokuwa amesema kwamba atakuwako, kwa sababu alikuwa ameudhiwa na wenzake. Hakuna mtu mzima aliyemwomba radhi.

Mwaka 1987 alijiunga na chuo cha ualimu cha Shanzu, akahitimu mwaka 1989. Januari 1990 alipangiwa Shule ya Msingi Mikuyuni, Magarini, na hakuhamishwa tena. Alipewa nafasi ya kuwa mwalimu mkuu mara mbili, akaikataa mara mbili. Alisema mwalimu mkuu husoma barua tu.

Jumamosi tarehe 19 Agosti 1995 alifunga ndoa na Nicholas Randu, mtunza stoo wa kampuni moja ya chumvi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Laban na Purity. Nicholas si msomaji na hajawahi kujifanya msomaji, lakini kila mwisho wa mwezi alimletea mkewe karatasi zilizochapwa upande mmoja ambazo ofisi yao ilikuwa ikizitupa. Kadii alizishona kuwa madaftari, na upande wa pili ndiko yalikoandikwa mengi ya haya tutakayoyataja.

Mwaka 2009 wafadhili walileta shuleni makasha matatu ya vitabu vya Kiingereza. Yaliwekwa stoo kungojea mgeni rasmi wa kuyafungua, na mgeni rasmi alipopatikana, mchwa walikuwa wameshatangulia kusoma. Katika vilivyosalia kulikuwa na riwaya moja isiyo na jalada wala mwisho. Ilihusu familia ya fisi maji waliofukuzwa katika mto wao, wakashika safari ya kutafuta mto mwingine, huku wakipigana, wakisalitiana na kusameheana njiani. Mwalimu Kadii alianza kuwasimulia darasa la tano kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, wakati wa mapumziko ya saa nne. Wiki ya pili hakukuwa na mtoto aliyekwenda kucheza mpira. Wakafika pale mama fisi maji alipokamatwa kwenye wavu, na mchwa walikuwa wameanzia hapo hapo.

Aliwaeleza kuwa kurasa zimeliwa. Walirudi kesho yake wakauliza kisha ikawaje. Walirudi kesho kutwa. Mzazi mmoja alimsimamisha sokoni, akiwa na kikapu cha mihogo kichwani, akamuuliza yule mama alitoka au hakutoka. Basi Mwalimu Kadii akakaa akaandika mwisho yeye mwenyewe, na alipoonja hakuacha tena. Stoo ile iligeuzwa chumba cha vitabu, naye akaanza hadithi yake mwenyewe, *Ng'ambo ya Sabaki*. Ilikuwa ya ukoo wa nguchiro waliounguziwa makazi yao na moto wa msituni, wakakusanya watoto wao saba na kuelekea mto Sabaki, huku kenge mmoja mkubwa akiwafuata nyuma kwa nia mbaya.

Mdogo wake alimwambia wazi kwamba mtu mzima mwenye cheti angeandika historia ya Wagiriama au maswali ya mtihani. Afisa mmoja wa elimu naye alimuuliza kwa nini asiandike habari za watoto wa kweli. Kadii alimjibu kwamba darasani mwake wamo watoto wa nyumba za mabati na wa nyumba za makuti, wa kanisani, wa msikitini na wa wale wanaotambika, na wote wakisomewa habari za nguchiro hakuna anayetazama miguu ya mwenzake kuona kama ina viatu. Alisema pia kwamba mtoto aliyefiwa hataki kuulizwa habari za mama yake, ila atakaa saa nzima akibishana nawe juu ya nguchiro aliyefiwa. Na kwamba mtoto hutumwa na kila mtu, huchapwa na kila mtu, hivyo anapokutana na kiumbe mdogo kuliko yeye anayeamua njia yake mwenyewe, hamwachi. Afisa aliandika kitu katika daftari lake akaenda zake. Mdogo wake hakushawishika.

Wanyama wale walipewa majina na watoto wenyewe. Hapo ndipo kesi ilipoanzia. Mwaka 2013, Mbeyu, binti wa mzazi mmoja aitwaye Kambi, akiwa na miaka kumi na moja, alipewa zamu ya kumpa kenge jina, naye akamwita Nyale. Nyale ni jina la babu yake aliyekuwa amefariki mwaka mmoja nyuma. Mwalimu Kadii alijua hivyo, akaliandika. Kila aliyeko hapa anajua jina la mzee kwetu lina kazi gani: humngoja mjukuu. Habari zikamfikia Kambi kwamba jina la baba yake limepewa kenge, mwizi wa mayai, linasomwa shuleni na watoto wanacheka. Alimwondoa Mbeyu katika chumba cha vitabu siku hiyo hiyo, akampeleka Mwalimu mbele ya wazee.

Wazee waliketi Jumamosi tarehe 5 Oktoba 2013. Mwalimu alikiri kosa bila kuzunguka. Kisha Mbeyu akaulizwa ni nani aliyemfundisha kumtukana babu yake. Mtoto alijibu mwenyewe.

"Sikumtukana tsawe. Kwetu tu wasichana watano, hakuna mvulana wa kumwita Nyale. Nikaona jina litapotea. Nikampa kenge kwa sababu ndiye anayeogopwa na wote."

Uamuzi ulikuwa kwamba Mwalimu atoe mbuzi mmoja, naye akamtoa. Jina libaki, maana lilitolewa kwa mapenzi, ila lisiaibishwe, na lolote kubwa litakalompata mwenye jina lisiandikwe bila ruhusa ya Kambi. Mbeyu alirudi chumba cha vitabu Jumatatu.

Shida ni kwamba hadithi ilikuwa imefika ukingoni mwa Sabaki, mto umefurika, mamba wamejaa, na Kadii alikuwa anajua kitakachotokea. Kenge alikuwa ameshaanza kubadilika moyo. Ndiye peke yake aliyejua kuogelea mto ule. Angewavusha watoto mgongoni, mmoja mmoja, na safari ya mwisho asingerudi. Hilo hakuthubutu kumwomba Kambi. Akaacha daftari la kumi na mbili, la mwisho la hadithi ile, na kurasa tupu kwa miaka kumi na miwili. Watoto walihitimu na kuwaachia wadogo zao swali. Wengine walibuni miisho yao wenyewe yenye madaraja, helikopta na malaika. Yeye aliisikiliza yote kwa adabu na kusema kwamba kenge bado yuko ukingoni, anafikiri.

Mnamo Februari 2023 alianza kuvimba miguu. Hospitalini Malindi aliambiwa figo zimechoka, na kuanzia Mei mwaka huo alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Hakulalamika sana, ingawa si kweli kwamba hakulalamika kabisa: chakula kisicho na chumvi kilimuudhi, na alimkumbusha mumewe kila siku kwamba ameolewa na mtu wa chumvi. Julai 2025 madaktari walisema waziwazi kwamba muda umebaki mfupi. Siku hiyo alimwagiza mdogo wake amwitie Kambi.

Kambi alifika Jumatano tarehe 20 Agosti, saa kumi jioni, akakaribishwa chai barazani. Baada ya pole, Kadii alisema lake.

"Baba Mbeyu, nataka ruhusa yako. Kenge anakufa."

Kambi aliweka kikombe chini. Akauliza kama hakuna njia nyingine, kwani mwandishi si ndiye yeye. Kadii akasema amejaribu kumvusha mzima kwa miaka kumi na miwili, na kila akijaribu hadithi inageuka uongo. Alisema katika chumba kile kuna watoto waliozika wazazi, nao wataujua uongo huo mara tu watakapousikia, na hawatamwamini tena. Mdogo wake, aliyekuwa ameketi pale, alitegemea kusikia habari za mbuzi wa pili.

"Mzee wangu alifia Mtwapa, Mwalimu," Kambi alisema. "Chumba cha kupanga, peke yake. Tulipata habari siku ya tatu. Kama huyu atakufa anaonekana na watu, andika." Akainuka, akavaa kofia. "Ila awavushe watoto wote kwanza."

Kadii alilia baada ya mgeni kuondoka. Kesho yake alianza kazi. Mikono ilikuwa imevimba hata kalamu haishikiki, kwa hiyo Mbeyu, ambaye sasa ni mwalimu wa chekechea, alikuja kila alasiri akaandika huku marehemu akitamka. Siku za kusafishwa damu waliandikia hospitalini. Daftari la kumi na mbili lilifungwa Ijumaa tarehe 12 Septemba. Jumapili tarehe 14 Septemba 2025, saa tano na dakika arobaini asubuhi, Mwalimu Kadii alifariki dunia nyumbani kwake Magarini, akiwa na mumewe na binti yake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Marehemu ameacha mume, Nicholas Randu, watoto wawili, Laban na Purity, mjukuu mmoja, ndugu wanne, na wanafunzi wa chumba cha vitabu cha Mikuyuni, ambao kwa sasa ni sitini na watatu. Hao wanafunzi walitutia wasiwasi wiki hii. Walikuja matangani kwa mstari, wakaimba, wakashukuru kwa chai, wakarudi shule, na hakuna hata mmoja aliyetoa chozi. Walimu walisema hawajawahi kuona utulivu wa namna ile na hawaupendi.

Alhamisi, tarehe 18, Mbeyu aliwasomea sura ya mwisho, baba yake Kambi akiwa ameketi kwenye benchi la nyuma. Nguchiro wa kwanza alivuka, wa pili, wa tatu. Watoto walikuwa wanahesabu kwa vidole. Wa saba alipowekwa mchangani, kenge Nyale aligeuka kuwatazama waliokuwa wakimtazama, kisha maji yakafunga juu yake. Msichana mmoja wa mbele alianza kulia, halafu chumba kizima kikalia, kwa sauti, hata watu wakasimama barabarani. Walilia muda mrefu. Hakuna aliyewauliza wanamlilia nani. Mdogo wake marehemu, aliyesema kwa miaka kumi na sita kwamba haya ni mambo ya kitoto, alikuwa mlangoni, akalia pamoja nao.

Dada yetu na apumzike kwa amani ya Mungu. Watoto wote wamefika ng'ambo.